Fungeni majina, musifunge bei

Kuko maneno yanazunguka mu koperative za wachimbaji, kuanzia Kolwezi mpaka Likasi, na inafaa tuyaongelee waziwazi mbele ya kuandikwa mu sheria za ndani. Maneno yenyewe ni mafupi: habari za koperative ziwe za memba tu. Bei za depo, teneur ya mawe, mapatano na kampani, ripoti ya makuta, vyote viingie nyuma ya mulango, na ufunguo apewe yule aliyelipa kotizasio. Mu simu kunafunguliwa kikundi cha waliolipa peke yao. Ku biro dafutari inafungwa mu kabati. Na mutu akiuliza bei ku kiingilio cha karyera, anajibiwa: «Karte yako iko wapi?»

Mimi nasema hivi: kufuli ni kitu kizuri, lakini wanataka kuiweka ku mulango usiofaa. Wanafunga bei, wanaacha majina ya watu inje. Ingefaa kinyume chake.

Nisiwaonee wale wanaoleta mawazo haya. Sababu yao ya kwanza ni ya kweli. Koperative inaishi na kotizasio. Mutu anatumwa asubui na pikipiki kuzunguka depo tano, kuuliza bei, kulinganisha. Ile esanse inalipwa, na yule mutu anakula. Akirudi na bei, anaisema mbele ya watu, tuseme 200, na mu wale 200 pengine 60 tu njo wamelipa mwezi huu. Wengine wanasikia bure, wanauzisha muzuri, na mwezi unaokuja hata wale 60 wanaanza kujiuliza: «Sasa miye ninalipa ya nini? Bale habalipake, na bei banaijua sawa miye.» Swali lao ni la haki. Koperative mingi zinakufa namna ile, polepole, bila mutu kuziua.

Njo maana wanasema tufunge. Anayelipa aone, asiyelipa akae mu giza mpaka alipe. Mu karatasi inaonekana sawa. Lakini tuangalie ni nini inafungwa kwa kweli wakati bei inafungwa.

Wote munajua kazi ya Metorex. Mutu anateremusha mifuko yake ku depo, wanachukua mawe kidogo, wanayaponda, ile mashine inayofanana na bunduki ndogo inawekwa juu, na namba inatokea. Ile namba njo teneur, na teneur njo chakula cha nyumbani. Tuseme mifuko 20 ya kilo 50. Ni kilo 1,000. Kama mawe yana 4 kwa mia, mule ndani muko kobalti kilo 40. Mashine ikisoma 3 kwa mia, ni kilo 30. Kilo 10 zimepotea, na hakuna mutu aliyeziiba kwa mukono. Kisha wanatosha tena uzito juu ya maji, wanasema mawe yamelowa, hata mu kiangazi, mwezi wa 7, wakati vumbi inafunika mpaka majani ya miembe.

Mutu asiyejua depo jirani inasoma ngapi, na inalipa ngapi ku kilo ya 3 kwa mia, ya 4, ya 5, hana neno la kusema. Anapokea, anatia saini, anakwenda. Mutu anayejua anasema: «Pale kwa jirani banaandika ingine,» na mara mingi ile namba inapanda kidogo. Na bei inageuka haraka. Mu 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000 ku soko la London. Mwaka uliofuata ikashuka mpaka karibu 30,000. Tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2025, serikali ikasimamisha kobalti kutoka inje ya inchi. Mu siku kama zile, mutu anayechelewa siku tatu kusikia anakula hasara, ao anadanganywa kwamba bei imeanguka chini kuliko vile imeanguka.

Sasa tuangalie depo inafikiri nini. Depo inayojua kwamba karyera nzima inajua bei ya jana, memba na asiye memba, itaogopa kudanganya. Lakini depo inayojua kwamba ni watu 60 tu wanajua, itawalipa wale 60 sawasawa na itawanyonya wale 140. Na kisha? Mawe ya wale 140, ya bei ya chini, yanaingia mu depo ile ile. Mununuzi akijaza stoki yake na mawe ya bei rahisi, atakuombea nini yako wewe memba, ku bei ya juu? Atakuambia: leo hatununui, rudi kesho. Na kesho utateremusha bei wewe mwenyewe, juu watoto wanangojea. Yule uliyemufungia mulango njo anayekuangushia bei. Sijaona mutu wa hii kufuli anayejibu neno hili.

Kuko jambo la pili, na hili njo linaniuma zaidi. Nani ana simu?

Wanaosema «tutaweka mu simu, kila memba na namba yake ya siri» wanaongea kama vile kila mutu anayeshuka mu shimo ana simu kubwa mu mufuko, na makuta ya intaneti. Mu ekipe ya watu kumi, mara mingi simu ya namna ile ni moja ao mbili, na moja ni ya PDG. (Wasomaji wanaokaa mbali na karyera wasishangae. PDG wetu si yule wa Gécamines mwenye biro ya baridi. Ni mwenye shimo, aliyelipia kamba, pompi na unga wa ekipe mpaka mawe yatoke, na kisha anakamata sehemu yake mbele ya wengine.) Kuko ma-PDG wa haki, ninawajua. Lakini kama habari ya bei inapita paka mu simu ya PDG, basi yule mwenye faida ya kuficha bei njo tumemupa ufunguo. Atarudi ku depo na kusema: «Banatupatia hii.» Mutu wa chini atapinga na nini? Kotizasio yake amelipa, ku karatasi yeye ni memba kamili, lakini mulango unafunguka mu mukono wa mwingine.

Na wamama wanaosafisha mawe ku mto, wanaotwanga na kupepeta? Wengi wao hawaandikwi memba popote. Wanalipwa na bassin, ao na mufuko, na bei ya bassin inatoka ku bei ya depo. Kwao kufuli ya memba ni ukuta usiokuwa na mulango.

Sheria yenyewe inasema nini? Code minier, ile iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, inaomba muchimbaji wa mukono awe na karte, awe mu koperative yenye kukubaliwa na serikali, na achimbe mahali palipowekwa kwa kazi ile. Karte inadumu mwaka mumoja, kisha ni kurudia. Basi mutu anaweza kuwa memba mwezi wa 12 na asiwe memba mwezi wa 1, wala hajabadilisha shimo, wala jembe. Ukifunga habari na karte, unaweka maisha ya mutu ku tarehe ya karatasi ambayo wakati mwingine inachelewa ku biro ya serikali, si ku mikono yake.

Wazee wetu wanajua mambo haya kwa jina lingine. Wakati wa Union Minière, kisha wakati wa Gécamines, baada ya serikali kukamata kampani mu 1967, jina la mutu halikuwa kitu sana. Kitu ilikuwa matrikile. Na matrikile, bibi anaingia ku hospitali, watoto wanaingia ku masomo ya kampani, mufuko wa unga unatoka. Bila matrikile wewe ni mutu wa inje, hata kama ulizaliwa nyuma ya ukuta wa kambi. Waliokuwa ndani hawakulalamika, na waliokuwa inje hakuna aliyewauliza. Kisha mu 2003 yakakuja mambo ya départ volontaire, watu zaidi ya 10,000 wakatoka Gécamines, na familia mingi ikajifunza namna mulango unaonekana ukiuangalia upande wa inje. Watoto na wajukuu wa wale watu, wengi wanachimba leo.

Mutu atanijibu: lakini matrikile ililisha watu. Ndiyo, na sibishi. Lakini tusichanganye. Matrikile ilifunga hospitali, masomo, unga, ni kusema vitu vinavyopungua wakati vinagawanywa. Ule mufuko wa unga, ukiula wewe, mimi nitalala njala. Bei haiko vile. Nikikuambia bei ya depo, mimi ninabaki nayo nzima. Kufuli ya unga inaeleweka. Kufuli ya bei inaomba sababu ingine, na sijaisikia.

Kuko tena vitu ambavyo koperative ao komite ya mutaa haina haki ya kufunga, juu si vyao. Ile cahier des charges ambayo kampani inatia saini na watu wanaokaa karibu na muradi wake: barabara gani itajengwa, masomo gani, maji yatafika wapi, mu miaka mingapi. Ile 0.3 kwa mia ya mauzo ya mwaka, ambayo Code inaomba kampani itoe, angalau, kwa maendeleo ya watu wa pale. Ile redevance ya madini, yenye kugawanywa 50 kwa mia ku serikali kubwa, 25 ku jimbo, 15 ku commune, secteur ao chefferie ya mahali wanapochimba, na 10 ku mufuko wa vizazi vinavyokuja. Na tangu amri ya Waziri wa kwanza ya tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 2011, mikataba ya mali ya asili inafaa kutangazwa mu siku 60. Hakuna mahali palipoandikwa: kwa memba tu.

Lakini nenda leo uulize cahier des charges ya mahali pako, uone kama utajibiwa bila kuulizwa kwanza wewe ni nani. Nimeona karatasi hizi, zaidi ya mara moja, zikitembea mu saki ya mutu mumoja wa komite, anazishika kama vile ni hati ya kiwanja chake. Mutu akiuliza, anaambiwa: «Hii ni ya ba memba.» Hapana. Ni ya kila mutu anayekunywa maji ya ule muto na anayepumua ile vumbi ya makamyo. Komite ilichaguliwa kuzisoma mbele ya watu, haikuchaguliwa kuzilinda.

Na wafanyakazi wa kampani wasicheke, juu kwao pia iko vile. Namna gani mutu anatumika miaka mitano na hajashika convention collective kwa mikono yake? Ile karatasi inamuhusu mufanyakazi, awe anakata kotizasio ya sendika ao hapana. Délégué anayesema «ingia kwanza mu sendika yetu, kisha nitakuonyesha» anauzisha kitu ambacho si chake.

Juu ya usalama, sitasema mingi, haiombi kubishana. Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2019, ku KOV, mu konsesyo ya Kamoto Copper Company, udongo uliangukia wachimbaji wa mukono, na watu wasiopungua 40 walikufa. Sisemi walikufa juu ya habari iliyofungwa. Sababu zilikuwa zingine. Ninasema tu kwamba mutu akiona ufa ku ukuta wa shimo asubui, asianze kutafuta nani amelipa mbele ya kupiga kelele. Na ripoti ya mahali pabaya, pale maji yameingia, pale hewa haipite, isikae hata saa moja mu kikundi cha memba.

Sasa tugeuke upande mwingine, juu nimesema kufuli ni kitu kizuri, na sikusema kwa kupendeza watu.

Wakati wanapigana juu ya kufunga bei, angalieni nini inabaki wazi. Ku ukuta wa biro ya koperative moja, sitaitaja, nilisoma orodha ya watu wenye deni: jina, makuta, na pembeni sababu ya mukopo. «Bugonjwa ya bibi.» «Matanga.» «Hernie.» Kila mutu aliyekuja kununua tomati mbele ya ile biro alijua sasa nani anaumwa nini, na nyumba gani haina kitu. Mu koperative ingine, walituma mu simu za watu mamia picha ya karte ya mufu, uso wake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya bibi yake, kwa kuomba muchango wa matanga. Nia ilikuwa muzuri. Lakini matanga haijaisha, watu wasiojulikana wakaanza kumupigia yule mama, wakisema wao ni wa serikali, kuko makuta ya mufu, atume kwanza ya dosie. Alituma. «Balijua mpaka siku bwana alizaliwa,» aliniambia, «ningewezaje kukatala?»

Hivi njo vya kufunga! Nani ana deni. Nani anaumwa. Nani alipokea ngapi siku ya mauzo, na anabeba makuta kwenda njia gani. Nani alikwenda kushitaki PDG wake ku SAEMAPE, nani alisema mizani ya depo fulani inadanganya. Mutu aliyesema ukweli juu ya mizani, na jina lake likatembea, hatasema mara ya pili, na wenzake waliomuona hawatasema hata mara ya kwanza. Inchi yetu ina sheria juu ya hii: Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inalinda habari za mutu binafsi, na koperative yenye kuandika majina ya watu mu komputeri ao mu simu haiko juu ya ile sheria.

Hapa inafaa niseme neno juu ya hesabu, maana ni katikati. Hesabu za koperative, naona haki ziwe za memba: waliotoa kotizasio njo wenye kuuliza ilikula nini. Mutu wa inje anaweza kungoja. Lakini musikie vizuri: kufuli ile iwe ya kuzuia wa inje, isiwe ya kuzuia memba. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyotiwa saini Lomé mwezi wa 12 mwaka 2010, na ambayo inafika kwetu tangu Kongo iliingia OHADA mu 2012, inamupa memba haki ya kuona hesabu na karatasi za koperative yake. Mara ngapi tunasikia «ni ya ba memba» na kumbe maana yake ni «ya prezida, kesye, na muntoto wa ndugu ya prezida»? Mbele ya kujenga mulango wa kuzuia jirani, memba aombe kwanza afunguliwe ule ambao yeye mwenyewe anasimama mbele yake.

Na kuko siri ya kweli ya koperative, ambayo hata mimi ningeifunga na minyororo: bei ya chini ambayo tumekubaliana kutopita, usiku mbele ya kwenda kuongea na mununuzi mukubwa. Akiijua, tumekwisha. Mahali mawe mazuri yameonekana, mbele koperative haijapata ruhusa ya kuingia. Siku ya kusafirisha makuta. Lakini siri za namna ile zina maisha mafupi. Mapatano yakiisha, bei iliyopatikana itangazwe. Makuta yakifika, tarehe si siri tena. Fungeni kwa siku tatu, kwa juma moja, muandike siku ya kufungua mbele ya kufunga. Kufuli isiyokuwa na siku ya kufunguliwa inageuka mali ya yule mwenye ufunguo.

Kama munafunga, basi mufunge kama watu wa kazi. Namba ya siri moja kwa memba wote si namba ya siri. Ikipita mu midomo ya watu 60, kesho iko ku depo. Kila mutu awe na yake. Ufunguo mukubwa, ule wa kuingiza na kutosha majina, ushikwe na watu wawili wasiokuwa wa nyumba moja, na kila mara jina linatolewa, iandikwe mu dafutari nani alilitoa na kwa nini. Bila ile, siku ya uchaguzi mutaona wale wanaopinga prezida wanatoka mu orodha mumoja mumoja, na kila mara watasema ni simu imekosea.

Angalieni tena namba za simu. Namba ikikaa miezi bila kutumiwa, kampani ya simu inaikamata na kuiuzisha kwa mutu mwingine. Muchimbaji amepoteza simu mu shimo, amenunua namba ingine, hajasema ku biro. Kisha kijana mumoja wa Lubumbashi ambaye hajaona karyera hata siku moja ananunua ile namba ya zamani, anafungua, na anakuta madeni ya watu wote wa Kasulo. Komite isome orodha kila mwezi, iulize: huyu bado ni yeye?

Karte ikifika mwisho, mutu asitupwe inje usiku ule ule. Mupe miezi mitatu, bei ya karte inapanda na bei ya chakula pia. Na mutu akikufa, nafasi yake ibaki kwa bibi yake angalau mwaka muzima, ao kwa bwana kama muchimbaji alikuwa mama. Njo wakati ule familia inahitaji kujua kama mifuko ilibaki ku depo, kama mufu alikuwa na deni, kama kuko msaada wa matanga. Koperative mingi zinafanya kinyume: siku ya kuzika wanaimba, juma linalofuata jina limetoka mu orodha, na mjane anauliza makuta ya bwana yake kama vile anaomba sadaka.

Inabaki lile swali la haki la wale 60: ninalipa ya nini? Jibu si kuficha bei. Jibu ni kuwapa kitu ambacho wengine hawawezi kupata kwa kusikia. Koperative inunue Metorex yake, ao ikodishe moja mara mbili ku juma, memba apime mawe yake mbele ya kwenda ku depo. Asiyelipa, apime kwa makuta. Iwe na mizani yake. Memba wakusanye mifuko yao, wauzishe pamoja tani nyingi, na munajua wote kwamba mutu wa tani haongei na depo sawa mutu wa mifuko miwili. Iwe na mufuko wa magonjwa na matanga, na avoka wa kuitwa siku mutu amekamatwa. Hivi vinapungua vikigawanywa, basi hapo karte iulizwe, na isionewe haya.

Wengine wanaogopa: tukiandika bei wazi, wanunuzi wataisoma, watapatana. Ndugu, wanunuzi wanaandika bei wao wenyewe ku ubao mbele ya depo zao, kila teneur na bei yake, ku Musompo na popote. Wanajuana, wanapigiana simu, wanakunywa bia pamoja. Bei tunayoficha haifichwi kwa wao. Inafichwa kwa kijana aliye mita 20 chini ya udongo na kwa mama yake anayengoja ku muto.

Basi mukutano mukuu wa mwaka ukifika, wakisoma ile artikle ya «habari kwa memba tu», mutu asimame aombe wapige kura mara mbili, si mara moja: bei na teneur upande wake, majina na madeni upande wake. Na aombe kitu cha pili, ubao mweusi ku kiingilio cha karyera, mahali kila mutu anapita akishuka na akipanda. Bei za depo tano za jana, teneur kwa teneur, na jina la depo. Iandikwe saa kumi na mbili ya asubui, mbele ya ekipe ya kwanza kushuka, na iandikwe na mutu ambaye si PDG. Bei ya chaki haishindi ya esanse ya ile pikipiki. Yule mwenye kuandika akiumwa, komite iseme tangu leo ni nani atashika nafasi yake.